Injini ya Masua

Okumu amekufa, na sitajifanya kwamba nilimpenda. Habari ilinikuta kwenye simu, katika kundi la mafundi wa zamani wa Kisumu ambamo mimi husoma tu na kukaa kimya. Mtu alikuwa ameweka picha yake, amevaa kofia ya sufu juani kama kawaida yake, na chini ya picha akaandika: Pumzika salama, Fundi Masua. Zikafuata pole na amina, mstari juu ya mstari, na kila aliyeandika alimwita hivyo hivyo, Masua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza jina hilo lilitoka wapi. Mimi najua. Mimi ndiye niliyempa, mchana wa siku ya Ijumaa, mbele ya watu wanane, na nilimpa nikiwa na nia ya kumuumiza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, na Mzee Idi, mwenye karakana iliyokuwa upande wa pili wa reli, alinichukua kwa sababu mtu wake wa kuchonga silinda alikuwa amefariki na mashine ilikuwa imekaa miezi minne chini ya gunia. Chumba cha mashine kilikuwa nyuma kabisa. Kilikuwa na dirisha moja la wavu, sakafu iliyokunywa oili miaka mingi mpaka ikawa nyeusi na laini, na rafu ambayo marehemu alikuwa ameacha kikombe chake cha bati. Nilikipenda chumba kile kuliko mahali popote nilipowahi kukaa. Nilifunga mlango kila nilipofanya kazi, kwa sababu vumbi likiingia kwenye silinda inayochongwa, umeharibu kazi ya siku tatu. Wanaume wa uani waliona mlango uliofungwa wakasema msichana wa Kaloleni, mtaa wetu Waswahili wa mjini, anaringa. Wa kwanza kusema hivyo alikuwa Okumu.

Okumu alikuwa fundi mkuu. Aliweza kuweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake akaigusisha kwenye injini inayonguruma, na akakuambia silinda gani inaumwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na ningelisema hata angekuwa hai. Lakini siku niliyoingia pale alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kisha akamgeukia Mzee Idi na kumuuliza, "Msee, huyu atasika nyundo ama atasika kioo?" Wote wakacheka. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu, Rukia. Aliniita nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni, na katika mdomo wake maneno hayo yalikuwa kama kutema mbegu ya chungwa. Nami nilimlipa. Alikuwa na ulimi wa watu wengi wa ziwani, usiojua kutamka sh wala z, na kila aliponiambia "fanya kasi," mimi nilimuuliza kwa adabu zote kama anataka nifanye kazi au niende kasi. Tuliishi hivyo miezi mitano, kila mmoja akitafuta pa kumchoma mwenzake.

Kitu kimoja tu kilitukalisha pamoja, nacho ni sinia. Mama Saida, mke wa Mzee Idi, alileta chakula kila mchana kutoka nyumbani kwake, ugali mkubwa katikati, pembeni omena, wale dagaa wa ziwani, au samaki wa kukaanga na mboga, na sote tukakaa kwenye mabenchi chini ya bati tukala kwa mikono kutoka sinia moja. Sheria ya Mzee Idi ilikuwa fupi: anayefanya kazi hapa anakula hapa. Siku ya kwanza Okumu alisogeza kiwiko kimoja, kidogo tu, nikapata nafasi ya kupenyeza mkono. Hakupenda, lakini alisogea. Baada ya hapo palikuwa pangu, kati yake na nguzo, na hata siku tulizoshinda tukirushiana maneno, mchana mikono yetu ilikutana kwenye ugali mmoja. Ningeweza kukuambia leo upande gani wa sinia alipenda kumega. Alipenda ule ulioungua kidogo.

Mwezi wa sita gari moja likaletwa. Lilitoka Muhoroni, limefungwa kamba juu ya trela la miwa, trekta likilivuta, na mabua bado yamebaki kwenye pembe za trela. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kiingereza, viti viwili, halina paa, pua ndefu, magurudumu ya nyaya kama ya baiskeli, rangi nyekundu iliyoanza kupauka. Lilikuwa limenizidi umri. Mwenyewe, Wakili Odera, alifika nyuma yake kwa gari lake la kawaida, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na alisimama mbali na lile gari kama mtu anayeogopa kuchafuka. Alikuwa amelinunua kwa mkulima wa miwa aliyekuwa akihama nchi. Gari lilikuwa likila oili na kutoa moshi wa buluu, na alitaka litengenezwe, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa Nairobi, mkusanyaji wa magari ya zamani, aliyekuwa akilitaka.

"Lakini muwe waangalifu," Wakili akasema. "Injini hii si ile ya kiwandani. Ile ilitolewa, ikawekwa Masua."

"Masua ni nini?" akauliza Mzee Idi.

"Ni Wataliano, Mzee. Wanatengeneza injini za mbio. Chache sana duniani. Yule mkulima aliniambia mwenyewe."

Mzee Idi akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nami nikatikisa, kwa sababu sikutaka kuonekana sijui. Okumu, aliyekuwa amesimama karibu na tairi la mbele, alikohoa, akaondoka kwenda kutafuta spana ambayo hakuna aliyemwagiza. Nilikumbuka kikohozi hicho baadaye. Siku ile nilidhani ni moshi wa trekta.

Injini ikatolewa ikaletwa kwangu. Niliifungua peke yangu, mlango umefungwa, wiki mbili. Silinda zilikuwa zimelika upande mmoja, nikazichonga, nikaweka pistoni za saizi kubwa zaidi. Ubavuni, mahali ambapo dainamo hukaa na kuficha, niliona neno limegongwa kwa herufi za chuma na nyundo: MASUA. Herufi hazikukaa sawa. M ilikuwa imelala, na U ilikuwa imeshuka chini ya wenzake. Nikajiambia hata Wataliano wana siku zao za kulewa, nikaendelea na kazi. Ilikuwa kazi nzuri. Injini iliporudi garini na kuwashwa, ilinguruma kwa sauti nzito, safi, hata Okumu aliweka bisibisi sikioni na kuiondoa bila kusema neno. Kwa Okumu, kukosa neno la kusema kulikuwa sifa kubwa.

Kisha akaja mtu wa Nairobi, Jumatatu, na kurunzi yake na miwani iliyoning'inia kifuani. Hakuwa na haraka. Alifungua kitabu cha usajili wa gari, akainama, akasoma namba iliyogongwa kwenye injini, akasoma iliyoandikwa kitabuni, akarudia mara mbili. Hazikufanana hata tarakimu moja. Akamulika lile neno ubavuni, akaligusa kwa kidole, akatabasamu. Alimwambia Wakili kwamba hajawahi kusikia Masua yoyote, kwamba gari ambalo injini yake haijulikani ilikotoka yeye hachukui, akafunga kitabu na kuondoka. Tukabaki sisi na Wakili, naye alikuwa ameaibika mbele ya mafundi, na mtu wa namna ile akiaibika lazima apate wa kumtwika.

"Mmenibadilishia injini," akasema. Akaonyesha lile neno kwa ufunguo wa gari. "Kiwanda gani kinaandika jina lake kwa nyundo? Mmetoa Masua yangu, mkaniwekea takataka, mkagonga jina juu yake. Masua yangu iko wapi? Nani aliifungua?"

Kabla Mzee Idi hajafungua mdomo, Okumu alijibu. "Ni nyar Kaloleni. Alikuwa na hiyo injini wiki mbili, peke yake, mlango amefunga."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilinikata namna ile. Wakili akasema anampa Mzee Idi mpaka Ijumaa saa tano. Injini yake ikiwa haijapatikana, atakuja na polisi, na wa kwanza kupanda gari lao atakuwa mimi. Alipoondoka, Mzee Idi aliniita kwenye kijiofisi chake, chumba cha mbao chenye kalenda na picha ya Makka, akaketi, akavua kofia yake akaiweka gotini. "Binti yangu," akasema, "mimi nakuamini. Lakini polisi hawaji hapa kuniuliza naamini nini. Nitafutie hiyo injini imetoka wapi." Mji ulikuwa mdogo. Fundi mwanamke alikuwa kioja tayari. Fundi mwanamke aliyewahi kuitwa mwizi asingepata mlango mwingine wa kubisha, na chumba changu cha wavu kingerudi chini ya gunia.

Mchana ule sinia ilipowekwa, nilikwenda mahali pangu kati ya Okumu na nguzo. Hakusogeza kiwiko. Nikasubiri. Akamega ugali, akatafuna, akameza, kisha akasema bila kunitazama, "Mtu anaiba injini hawesi kula na sisi." Wenzake waliangalia chini. Mzee Idi alikuwa amekwenda msikitini, kama kila adhuhuri. Mama Saida, Mungu amrehemu, alisimama na jagi la maji mkononi na hakujua la kufanya. Mwishowe alinimegea pande la ugali kwenye kisahani, na nikala nyuma ya karakana, nimeketi juu ya tofali karibu na pipa la oili chafu, ukuta wa bati ukinitenga nao. Nimewahi kufiwa, nimewahi kulazwa hospitali, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia juu ya tofali lile. Nililia kwa hasira, na ugali ukawa na chumvi yangu.

Jumatatu hiyo na Jumanne nilichunguza injini kila upande. Nilijua sasa kwamba haikuwa ya Kitaliano. Umbo lake lilikuwa la kiwanda kile kile cha Kiingereza kilichotengeneza gari lenyewe, ila kiwanda kile kiliuza injini za aina hiyo kwa kila mtu, za teksi, za pampu za maji, za kusagia nafaka. Vyuma vilivyoibeba ndani ya gari vilikuwa vya kuchomelea kwa mkono, na vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu ya zamani pamoja na fremu. Kwangu hiyo ilitosha kuonyesha kwamba injini ilikuwa ndani ya gari hilo kabla ya rangi kupauka. Kwa Wakili isingetosha. Angesema rangi ni ya juzi, vyuma ni vyangu, na Masua ya kweli imeshavuka mpaka. Alikuwa ameshikilia lile jina, na mpaka nimpokonye jina hilo, asingeniachilia.

Jumatano nikawa nimekaa tena kwenye tofali langu. Upande wa pili wa bati watu wanakula, nasikia vidole vikigonga sinia, nasikia mtu anavunja mfupa wa samaki. Kulikuwa na mgeni, mnunuzi wa samaki kutoka Asembo Bay, mteja wa Okumu wa siku nyingi, aliyekuja na habari za injini yake. Walianza kwa Kijaluo, kisha mgeni akageukia Kiswahili ili kijana wa kuchomelea, ambaye alikuwa Mkisii, naye asikie.

"Sasa hiyo masua imesama?" Okumu akauliza.

"Aa, masua haijasama. Iko tu kwa mchanga. Ni injini imekunywa maji mingi."

Tonge lilikuwa mdomoni. Sikulitafuna. Nililisema lile neno polepole, kwanza kama walivyolisema wao, kisha kama nilivyofundishwa mimi. Masua. Mashua. Miezi mitano nimemcheka mtu yule kwa ulimi wake, na siku ulimi wake ulipoandikwa kwenye chuma nikausoma kama mjinga, nikaamini Wataliano. Nikaacha kisahani juu ya pipa, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Injini ilikuwa imeshatolewa tena garini kwa ajili ya mabishano yale. Pembeni mwa injini huwa kuna vifuniko vidogo vya duara vinavyoziba matundu ya maji. Nilikuwa nimeviona ni vya shaba ya njano na wala sikujiuliza kwa nini, ingawa vya gari huwa vya bati, na shaba huwekwa kwenye vyombo vya majini. Nikaweka patasi, nikagonga, nikang'oa kimoja. Nikaingiza waya, nikakwangua. Kikatoka kitope cheusi, kisha mchanga, kisha konokono. Walikuwa wadogo sana, weupe, wengine hawafiki punje ya mtama, makombora matupu yaliyoshikana kama uji uliokauka. Nikakwangua mpaka nikajaza kifuniko cha kopo la maziwa. Gari hunywa maji ya rejeta, na kwenye rejeta haingii konokono. Injini iliyovuta ziwa lenyewe kwa bomba, ikajipoza nalo miaka na miaka, ndiyo inayoweza kuwa na takataka ile tumboni. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kile kikohozi.

Alijua. Alijua tangu gari likiwa juu ya trela. Mtu aliyeandika mashua bila h alikuwa mtu wa ziwani, na mtu wa ziwani tuliyekuwa naye, mwenye seti yake ya herufi za chuma katika sanduku la sigara, mtu aliyeanzia kazi kwenye vyombo vya uvuvi Asembo, alikuwa mmoja. Alinyamaza, akaniacha nikae na pipa. Ningeweza kwenda kwake Alhamisi, wawili tu, nikamwambia nimejua. Nilikuwa na siku nzima ya kufanya hivyo. Nilikaa na kopo langu la konokono na nikapanga jinsi nitakavyomvua nguo mbele ya watu.

Ijumaa saa tano Wakili alifika na koplo mmoja, Mjaluo mwenye kitambi kutoka pande za Katito. Mafundi wote wakaacha kazi. Nilimwaga wale konokono juu ya boneti nyekundu.

"Uchafu gani huu?" Wakili akauliza.

"Umetoka ndani ya injini yako. Ni wa ziwa. Injini hii ilikuwa kwenye chombo cha majini kabla haijawekwa kwenye gari lako, na iliwekwa kabla hujalinunua. Hakuna nyingine iliyotolewa. Masua yako ni hii, na si Mtaliano."

"Nimeambiwa na aliyeniuzia..."

"Uliambiwa. Uliwahi kuifungua ukaiona?" Nikamgeukia Okumu. Alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia mikono, na aliponitazama nikaona kwamba amekwisha kuelewa ninakokwenda. Bado palikuwa na nafasi. Ningeweza kumuuliza tu, ni wewe uliyeigonga? Angejibu, nadhani angejibu.

"Okumu," nikasema, "wewe ni mtu wa ziwa. Kile chombo wavuvi wanapanda kwenda kuvua samaki, kwa Kiswahili kinaitwaje?"

Akafuta vidole kwa kile kitambaa, kimoja kimoja.

"Tusaidie. Wakili hajui."

"Masua," akasema chini chini.

"Sema kwa nguvu. Wakili hajasikia."

"Masua!"

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa koplo, ambaye mwenyewe asingeweza kulitamka vinginevyo. Akashika kitambi, akasema, "Yawa! Mtaliano wa Asembo!" Wakaangua wote. Vijana waliinama wakashika magoti. Hata Mzee Idi aliziba mdomo kwa kofia. Nusu ya waliocheka walikuwa na ulimi ule ule wa Okumu, na walicheka kwa nguvu zaidi kuliko wengine, kwa furaha kwamba siku hiyo si wao. Wakili hakucheka, wala Okumu. Mimi nilicheka nikimtazama machoni.

Ndipo Mzee Idi akamuuliza kwa upole kama ni yeye. "Ni mimi," Okumu akasema. "Huyo mwenye miwa alikuja na gari injini imepasuka. Kulikuwa na masua imeosa, mwenyewe alikubali tutoe injini yake. Niliitengenesa, nikaweka. Nikagonga hiyo neno ndio fundi mwingine akifungua asidanganywe, ajue ni ya wapi."

"Na kwa nini hukusema Jumatatu, msichana wa watu akiitwa mwizi?"

Okumu alikunja kile kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni. "Hakuna mtu aliniulisa."

Koplo aliondoka bado anajipangusa machozi. Wakili aliondoka bila kuniomba radhi, na gari lake likavutwa kwa trekta siku ya pili. Miaka michache iliyopita mtu alinionyesha picha yake katika maonyesho ya magari ya zamani, limepakwa rangi upya, na mbele yake kibao kimeandikwa kwa herufi nzuri: injini ya Masua, Italia.

Mchana wa Ijumaa ile waliniita kwenye sinia kwa kelele, wakanipa minofu ya samaki. Okumu alikuwa amesimama kule nyuma, karibu na pipa, anakula hindi la kuchoma. Ningenyamaza, ingekuwa imeisha. Nikapaza sauti: "Masua, njoo ule!" Wakavunjika mbavu tena, na jina likawa limeingia. Wateja walilijua kabla ya Jumatatu. Watoto wa njia ya reli walilijua kabla ya mwisho wa mwezi. Okumu hakurudi kwenye sinia hata siku moja, na sehemu yake ilibaki wazi, ugali ulioungua ukirudishwa kwa Mama Saida kama ulivyo. Mwaka ulipokwisha alifunga sanduku lake nyuma ya baiskeli kwenda Asembo kuanza karakana yake. Alipopita mlangoni kwangu alisimama, na mimi nilizima mashine, kwa sababu nilidhani nitaombwa msamaha.

"Nyar Kaloleni," akasema. "Hiyo neno ungeniambia mimi peke yangu."

"Na wewe ungesema mbele ya watu."

Alishika usukani wa baiskeli, akaenda.

Miezi sita baadaye injini ya kwanza kutoka kwake ililetwa nichonge silinda. Mchukuzi hakujua lolote. Ubavuni ilikuwa imegongwa MASUA, herufi zimelala zile zile. Aliamua jina nililompa liwe lake, alitumie kama mhuri. Nilipandwa na hasira mpaka nikachukua herufi zangu, nikagonga H ndogo juu, kati ya S na U, kama mwalimu anayesahihisha daftari, nikairudisha. Iliyofuata ilikuja na MASUA kubwa mara mbili. Sikurudia. Karibu miaka arobaini, baada ya Mzee Idi kufariki na karakana kuwa yangu, injini za ufukwe wa Asembo zimepita mikononi mwangu na neno lile. Angeweza kuzipeleka kwa mtu mwingine. Mimi ningeweza kuzikataa. Hatukuwahi kusalimiana hata kwa mdomo wa mchukuzi.

Jumamosi nilikwenda mazishini. Njiani, kando ya barabara ya Asembo, niliona kibao cha karakana yake: MASUA, FUNDI WA INJINI ZA BOTI. Bomani kwake palikuwa na mahema, viti vya plastiki, vipaza sauti vinavyokoroma. Alinipokea binti yake mkubwa, Akinyi, mama mtu mzima mwenye mikono mipana kama ya baba yake.

"Mama, wewe ndiye Rukia wa kuchonga silinda?"

"Ndimi."

"Tumesikia jina lako sana. Sisi tulikuwa tunamuuliza Baba, hii Masua ni nini? Anatuambia ni kampuni ya Italia."

Nikacheka. Katikati ya mazishi ya watu, nikacheka mpaka shangazi wawili wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu Okumu kunichekesha kwa hiari yake, na nikajikuta namtafuta kwa macho nimwambie.

Baada ya kuzika, chakula kikaanza kutoka. Ng'ombe alikuwa amechinjwa na Mwislamu wa sokoni ili wageni wote wale, kwa hiyo sikuwa na kisingizio, na nilikuwa na njaa, nilikuwa nimetoka Kisumu na chai tupu. Akinyi akaja akainama sikioni mwangu. Alikuwa na aibu usoni.

"Mama, Baba aliacha maneno juu yako."

Nilisubiri maneno hayo karibu miaka arobaini, na nilikuwa tayari kumjibu, nilikuwa na langu pia la kusema, hata kama ni kwa mchanga wa kaburi.

"Alisema ukikuja, upewe kiti ya mbele kabisa, hapa na wazee," akasema. "Lakini chakula usipewe."

Akinyi akanishika mkono. "Mama, ni uzee tu. Ngoja nikuletee kwa nyumba, hakuna mtu ataona."

Nikamwambia aache. Sahani zilipita mbele yangu, nyama, wali, ugali wenye pembe iliyoungua, zikaenda kwa mzee wa kulia na mzee wa kushoto, na mimi nikabaki nimeketi pale kwenye kiti changu cha mbele mpaka watu walipoanza kuosha mikono.